Tufunze pia bei ya kazi ya mkono

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni nadra kumpata mwanafunzi wa Kenya aliyemaliza masomo bila kuandikishwa insha juu ya methali hii. Nimezisahihisha insha hizo kwa zaidi ya miongo miwili, na karibu zote hufuata njia moja: pana mwuzaji mwaminifu, bidhaa yake ni bora, hapigi kelele, na siku ya siku wanunuzi wanamiminika mlangoni kwake. Sina ugomvi na wahenga. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba kwa mtu anayekula jasho la vidole vyake, hasa katika kazi ambayo jamii imezoea kuiita ya kupitishia wakati, methali hii haitoshi. Chema huweza kujiuza, lakini hakijui kujitajia bei.

Aliyenifanya niyatafakari haya ni mama mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa anaendesha biashara ndogo ya kufuma wanyama wa kuchezea katika mji mmoja wa Bonde la Ufa. Jina lake si la lazima hapa. Mtaji wake ni sindano tatu za kulabu, mkasi, mfuko wa nyuzi za rangi mbalimbali, na simu ya kupigia picha na kupokelea malipo. Hufuma ndovu, twiga, vifaru na kobe, na mara moja alinionyesha mnyama ambaye sikumtambua mpaka nilipoambiwa kwamba ni kiboko. Ni kazi safi. Macho ya wanyama wa watoto wachanga huyatarizi kwa uzi mweusi, hatii yale ya plastiki, kwa kuwa jicho la plastiki liking'oka huweza kumkwama mtoto kooni. Huo ni uangalifu wa fundi, nao pia huchukua muda.

Kwa faida ya msomaji asiyeijua kazi hii, nieleze kwamba kroshia si sawa na ufumaji wa sweta. Sweta hufumwa kwa sindano mbili ndefu, na vitanzi vingi hukaa pamoja juu ya sindano vikingoja zamu. Kroshia hutumia sindano moja fupi yenye kulabu nchani, na fundi hukamilisha kitanzi kimoja kabla ya kukigeukia kingine. Ndiyo kazi iliyotupa vile vitambaa vyeupe vilivyotandikwa juu ya makochi, meza na hata redio za wazazi wetu. Walimu wa kike wa enzi hizo walivifuma katika chumba cha walimu, kikombe cha chai kando, na sisi tuliodhani tunajua mengi tuliviona kama urembo wa akina mama tu. Nchini Ireland, baada ya maradhi kuangamiza viazi na kuleta njaa kuu ya miaka ya 1840, wanawake wengi walizilisha familia zao kwa lesi ya kroshia. Siku hizi wanyama waliofumwa kwa mtindo huu na kujazwa pamba wanajulikana ulimwenguni kwa jina la Kijapani, amigurumi.

Mwalimu mwenzangu wa Hisabati atafurahi kujua kilichomo ndani ya kichwa cha ndovu wa uzi. Fundi huanza na vitanzi sita katika duara dogo. Mzunguko wa pili huwa na vitanzi 12, wa tatu 18, wa nne 24, wa tano 30, wa sita 36. Kwa nini sita kila mara? Kwa sababu nusu kipenyo cha duara kikiongezeka kwa kipimo kimoja, mzingo wake huongezeka kwa pai mara mbili, yaani sita na ushei, na kitanzi cha kroshia huwa na upana unaokaribiana na kimo chake. Akiongeza vichache mno, duara hujikunja likawa bakuli. Akiongeza vingi mno, ukingo wake hufanya mawimbi kama jani la sukumawiki. Katika mwaka wa 1997, Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliyatumia mawimbi hayo hayo kufuma mfano wa aina ya jiometria ambayo wataalamu walikuwa wakihangaika kuionyesha kwa karatasi. Wanafunzi wake wakaweza kuishika mkononi jiometria iliyokuwa ikiwasumbua ubaoni.

Turudi kwa ndovu. Baada ya mzunguko wa sita mama huyu huacha kuongeza, akafuma mizunguko sita mingine ya vitanzi 36, kisha akapunguza: 30, 24, 18, 12, 6. Mwanafunzi akijumlisha atapata vitanzi 432, na hicho ni kichwa tu. Bado kiwiliwili, miguu minne, masikio mawili, mkonga na kile kimkia. Fundi akikosea hesabu mahali, kichwa huenda upande, naye hana budi kukifumua mpaka alipokosea.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni hili. Ufumaji wa soksi ulipata mashine tangu mwaka wa 1589, Mwingereza William Lee alipobuni kiunzi chake. Kuna mashine za kufuma sweta, za kudarizi, za kusuka mazulia, na hata za kutengeneza vitambaa vinavyofanana na kroshia kwa mbali. Lakini mpaka leo hakuna kiwanda chenye mashine inayofuma kroshia halisi ya namna ya yule ndovu, kitanzi baada ya kitanzi, ikizunguka na kuongeza na kupunguza. Kwa hiyo kila mnyama wa kroshia unayemwona, awe kwenye kibanda cha Nakuru au katika duka lenye taa nyingi jijini London, amefumwa na vidole vya binadamu. Akiuzwa kwa bei ya kutupa, si kwamba mashine imerahisisha kazi. Ni kwamba yupo mtu mahali fulani ambaye saa zake zimenunuliwa kwa bei ya kutupa.

Na hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, maana ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Nilipomtembelea, nilimwuliza ndovu mmoja wa kimo cha shubiri hivi anamwuza kwa bei gani. Akanijibu: shilingi 1,000. Nikamwuliza amefikaje kwenye bei hiyo. Akacheka, akasema, "Mwalimu, ndiyo bei watu wanayokubali." Tukachukua karatasi. Uzi wa kumfuma ndovu ulimgharimu shilingi 280, pamba ya kujazia 110, na sehemu ya nauli ya kwenda kununua vifaa na kupeleka mzigo ilikuwa 60. Jumla 450. Palibaki 550. Nikamwuliza ndovu huchukua saa ngapi. Hapo hakuwa na jibu, kwa kuwa hajawahi kuhesabu. Hufuma akipika, akimngoja mtoto zahanati, akisikiliza taarifa ya habari usiku. Nilimwomba aandike kwa wiki mbili kila anaposhika sindano na kila anapoiweka. Alipoleta daftari, wastani ulikuwa saa 11 kwa kila ndovu. Gawanya 550 kwa 11. Ni shilingi 50 kwa saa.

Sasa linganisha. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali mwaka 2024 kwa kibarua wa kawaida katika jiji la Nairobi kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Ukikigawa kwa wiki ya saa 52, unapata shilingi 71 na senti kadhaa kwa saa. Hiki ndicho kiwango cha mtu ambaye sheria haimtaki awe na ujuzi wowote. Mama huyu mwenye ujuzi wa miaka mingi, anayebuni maumbo mwenyewe, anayechagua rangi na kukagua kila mshono, alikuwa akipokea chini ya hapo. Tena alikuwa na wateja! Kila mwezi aliuza ndovu 12, na majirani walimsifu kwamba biashara imeshamiri. Chema kilikuwa kikijiuza kwelikweli.

Nani wa kulaumiwa? Wapo watakaowataja wanunuzi, na hawatakuwa wamekosea kabisa. Mkenya akiingia katika duka lenye bei iliyochapishwa hulipa bila kunung'unika, lakini akimkuta mwanamke aliyeketi na kapu la kazi za mikono ulimi hulegea ghafla: "Punguza, mama, si ni uzi tu?" Hakuna anayemwambia seremala kwamba meza ni mbao tu, wala daktari kwamba sindano ni maji tu. Kwa fundi wa kroshia neno hilo halionekani kuwa tusi, kwa sababu tumelelewa tukiamini kwamba mwanamke akifuma anapumzika.

Shule nazo hazina mikono safi katika jambo hili. Shule moja, ambayo sitaitaja, iliagiza kwake wanyama 40 wa kuwatuza watoto wa chekechea siku ya kufunga muhula. Alikopa fedha za uzi, akakesha, akawafikisha kwa wakati. Malipo yalifika baada ya miezi minne, yakiwa yamekatwa shilingi 200 kwa kila mnyama kwa madai kwamba mzigo mkubwa sharti uwe na kipunguzo. Kipunguzo cha nini? Kiwandani, bidhaa ya elfu huwa nafuu kuliko ya kwanza kwa kuwa mashine imekwisha kutegwa. Katika kroshia ndovu wa arubaini huchukua saa 11 kama yule wa kwanza, na pengine zaidi, kwa kuwa kidole kimeanza kuuma. Waliokata fedha hizo ni watu wanaofundisha watoto mafumbo ya hesabu.

Lakini hata nikiwalaumu wanunuzi na shule ile, bado nauliza: mama huyu alifikaje umri huu bila kujua bei ya saa yake? Alikuwa mwanafunzi hodari. Alipita katika mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985 kwa ahadi kwamba kijana atatoka shuleni akiwa na kazi mkononi. Katika miaka yake ya kwanza mfumo huo ulikuwa na Sanaa na Ufundi, ulikuwa na Sayansikimu, na Elimu ya Biashara ilikuwapo pia, hata katika shule za msingi. Masomo hayo yaliishi kama majirani wasiosalimiana. Katika Sayansikimu alijifunza kufuma na kupima mshono; katika Biashara alijifunza maana ya faida, kwa mfano wa mwenye duka anayenunua sukari kwa bei moja na kuiuza kwa nyingine. Hakuna siku kitambaa alichokifuma kilipelekwa katika kipindi cha Biashara ili kiulizwe: kimetumia uzi wa kiasi gani, kimechukua saa ngapi, na anayekinunua atoe nini? Mwenye duka la sukari hahesabu saa za kutengeneza sukari. Mfano wake haumfai fundi hata kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo ya mikono yaliondolewa katika mtihani wa KCPE, na kila mwalimu anajua hatima ya somo lisilotahiniwa. Karakana ziligeuzwa kuwa stoo. Mtihani wenyewe ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 umerejesha sanaa ya mikono kwa heshima. Kuna Sanaa za Ubunifu tangu madarasa ya chini, na katika sekondari ya juu kumetengwa mkondo mzima wa sanaa na michezo. Nauunga mkono mwelekeo huo kwa moyo wote. Tangu marekebisho ya mwaka 2024, mafunzo ya biashara katika sekondari ya msingi yametiwa ndani ya somo la utangulizi wa ufundi, kwa hiyo ukuta uliotenga ufundi na biashara umeanza kubomolewa, angalau kwenye karatasi.

Ombi langu kwa walimu ni dogo na halihitaji waraka kutoka wizarani. Mtoto anapofanya kazi ya mkono, iwe ni kapu, mkeka, kinyago au ndovu wa uzi, aandike kando yake saa alizotumia na gharama ya vifaa. Aandike pia mara alizofumua na kuanza upya, kwa kuwa saa hizo nazo ni zake. Mwisho wa juma mwalimu wa Hisabati aichukue orodha hiyo badala ya kuwatungia hesabu ya mabomba yanayojaza na kumwaga tangi, ambayo mimi binafsi sijawahi kukutana nayo nje ya kitabu. Darasa lijadili: mwenzetu alipwe kiasi gani kwa saa? Akitaka shilingi 100, kapu lake ni bei gani? Anayesema ni ghali, alete hesabu yake.

Kuna somo la pili lililo karibu na hili, nalo linatuhusu sisi watu wa kunakili. Maelezo ya kufuma mnyama, yale ya mzunguko kwa mzunguko, huandikwa na mtu aliyeketi akajaribu na kufumua mara nyingi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda maandishi na kazi za sanaa kwa maisha yote ya mtungaji na miaka 50 baada ya kifo chake. Umbo la ndovu kwa jumla si mali ya fundi yeyote. Ndovu ni wa Muumba, na hapa kwetu hulindwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Lakini karatasi ya maelezo ina mwenyewe, na kuitoa nakala 30 katika mashine ya shule na kuzigawa ni kumnyang'anya. Mama huyu alikuwa ameanza kuuza maelezo ya kobe wake kwa shilingi 200. Nakala tatu ziliponunuliwa, kobe huyo huyo akaonekana katika vikundi vya simu vya kaunti kadhaa, bila jina la aliyembuni.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu: kwamba akipandisha bei wateja watakimbia, na heri nusu shari kuliko shari kamili. Ni hoja nzito, kwa kuwa anayefuma wanyama ana karo ya kulipa na hawezi kuishi kwa nadharia za mwalimu mstaafu. Basi tazama yaliyotokea. Alipandisha bei ya ndovu kutoka shilingi 1,000 hadi 1,800. Wateja walikimbia kweli. Wengine walimwambia amekuwa na tamaa. Kutoka ndovu 12 kwa mwezi akashuka hadi 7. Lakini hapo awali, ndovu 12 walimletea shilingi 6,600 baada ya gharama, kwa saa 132 za kazi. Sasa ndovu 7 wanamletea shilingi 9,450 kwa saa 77. Ana shilingi 2,850 zaidi, na saa 55 za kuwa na watoto wake, kubuni mnyama mpya, au kulala, jambo ambalo pia si haramu. Kwa saa moja sasa anapata shilingi 122 na ushei. Huo si utajiri. Ni malipo ya fundi wa kawaida.

Sisemi kwamba kila mtu atabahatika hivyo. Katika mji mdogo huenda wanunuzi wa shilingi 1,800 wasizidi wawili, na huko fundi hulazimika kutafuta soko la mbali. Hilo linawezekana: huko Njoro, tangu mwaka 1998, Kenana Knitters wamekuwa na akina mama wanaosokota sufu ya kondoo kwa mkono na kuifuma kuwa wanyama wa kuchezea wanaouzwa mpaka ng'ambo. Wao aghalabu hutumia sindano mbili, si kulabu, lakini wanathibitisha kwamba mnyama aliyefumwa na mikono ya mama wa Kenya huweza kubeba bei inayostahili. Kikundi kina nguvu ya kukataa bei mbaya ambayo mtu mmoja hana.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mama huyu ana wateja ambao humjia Jumapili jioni wakihema. Ni wazazi. Mtoto alipewa kazi ya mkono shuleni wiki mbili zilizopita, imesahauliwa, na kesho ni siku ya kuiwasilisha. Wanataka ndovu, twiga, chochote, ili mtoto ampelekee mwalimu kama kazi yake mwenyewe. Hao ndio wanaopigania bei kuliko wateja wote, kwa madai kwamba "ni ya shule tu". Jumatatu mtoto anapewa alama za kuvuka matarajio kwa kazi ambayo hakuigusa, na mwenye vidole vilivyoifanya haandikwi popote. Amekwisha kuwakataa watu wa aina hiyo, ingawa anasema wawili kati yao hawamsalimu tena sokoni.

Wengine bila shaka wataenda kwa fundi mwingine. Kwa hiyo namwomba mwalimu atakayepokea ndovu wa uzi Jumatatu asubuhi asiharakishe kutoa alama. Amwite mtoto kando, kwa upole, amwulize alianza na vitanzi vingapi na mzunguko wa pili ulikuwa na vingapi. Kisha amwulize ilimchukua saa ngapi. Mtoto aliyefuma atajibu sita na 12 bila kufikiri, na kuhusu saa atakuwa na malalamiko mengi ya kumsimulia.